Nilipanga safari ya kuvuka bahari kwa ndege ya injini moja, siti yangu ikapewa shemeji

Wakuu, hamjambo. Shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa, maana nakaribia miaka tisini.

Mjukuu aliyenifungulia akaunti hii anasema mtaniambia ni chai. Semeni tu. Kwa umri huu sina wa kumdanganya.

Miaka ya hamsini nilikuwa karani kwenye shamba la pareto la mzungu mmoja, milimani juu ya Mbeya. Mchana niliandika magunia, jioni niliandika hadithi.

Tulikuwa vijana wachache wa kalamu, wengine Mbeya, wengine Iringa. Kila tulipopata lifti tulikutana Iringa kwenye kibanda cha fundi cherehani, tukasomeana kurasa zetu na kugombania neno moja kama watu wanaogombea mpaka wa shamba.

Sote tulikuwa watu wa milima. Hakuna aliyewahi kuiona bahari. Nami nilikuwa nimeapa mbele yao kwamba riwaya yangu ya kwanza itakuwa na bahari, tena bahari iliyotazamwa kutoka juu, kama Mungu anavyoitazama.

Kiapo hicho kilikuwa na sababu. Yule mzungu alikuwa na ndege.

Tulimwita Bwana Kipanga. Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, siti mbili, injini moja, ikikaa kwenye majani kama panzi aliyechoka. Siku moja aliniita ofisini, akatandaza ramani mezani.

"Lutengano, wewe najua hesabu sana. Mimi nataka kwenda Morisi."

Kaka yake alikuwa na shamba la miwa kisiwani huko. Njia ilikuwa Mbeya, Iringa, Dar es Salaam, kisha baharini: Ngazija, Bukini ambayo leo mnaiita Madagaska, halafu Morisi.

Nikamuuliza, "Nani atakaa pamoja nawe, Bwana?"

"Wewe. Mimi naendesha, wewe napampu mafuta, napiga hesabu."

Wakuu, nilitoka pale sikanyagi chini.

Kwa wasiojua, kuvuka bahari kwa injini moja ni kazi ya mezani kabla haijawa kazi ya angani. Injini ikizima juu ya Usangu, unatafuta shamba la mpunga. Ikizima juu ya bahari, unatafuta Mungu.

Kwanza tulichagua mwezi wa tano, wakati vimbunga vya kule vimelala na upepo wa kusi haujakaza. Kisha likaja suala la mafuta. Nyuma ya siti liliwekwa tangi la ziada, na mafuta yake yalivutwa kwa pampu ya mkono. Lakini Mbeya iko juu mno, hewa yake nyepesi, ndege iliyoshiba haiwezi kuruka. Ilibidi tuondoke na mafuta kidogo na kujaza Dar.

Kipande kigumu kilikuwa cha mwisho, Bukini kwenda Morisi, maana huko upepo unakupiga usoni. Katika kila kipande kuna mahali fulani. Kabla ya hapo unaweza kugeuza. Ukishapapita, mafuta yaliyobaki ni ya kwenda mbele tu. Mahali hapo nilipaweka alama kwa penseli nyekundu, na nilipokuwa peke yangu nilipagusa kwa kidole, kama mtu anayegusa jeraha la mwenzake.

Juu ya yote niliongeza mafuta ya saa moja ya akiba. Nilimwambia Bwana Kipanga, hii si ya kutumia, hii ni ya kumshukuru Mungu nayo tukifika. Akacheka.

Iliyobaki ilikuwa uzito. Kila kitu kilipanda mizani ya pareto: makoti, mtumbwi wa mpira, hata viatu. Nami nilisimama pale katikati ya magunia, nikasomwa uzito wangu kwa ratili.

Hesabu ikakubali. Ikakubali kwa tabu, lakini ikakubali.

Tatizo lilikuwa kikapu cha mama.

Mama yangu aliishi Iyunga, hapo hapo Mbeya. Kwake hakuna aliyeanza safari mikono mitupu. Alikufungia kuku, karanga na viazi vya kuchoma kwenye kikapu alichokisuka mwenyewe. Na kulikuwa na sheria: chakula huliwa, kikapu hurudi, na hakirudi kitupu. Hata chumvi ya kiganja inatosha. Kikapu kisiporudi, ina maana huko kilikokwenda hawakujua kwamba mtu aliyetumwa kwao ana kwao.

Ningemwambiaje mama yangu kwamba kikapu chake ni kizito?

Nikaanza kula mara moja kwa siku. Ratili zilizotoka mwilini mwangu ndizo nilizokipa kikapu.

"Unaumwa?" mama akaniuliza siku nilipokwenda kuaga.

"Hapana mama. Nakipisha kikapu chako."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Kisha akaongeza yai la kuchemsha. "Hili halina uzito," akasema.

Asubuhi ya safari mjomba alininyunyizia maji ya baraka, watu wa kanisani wakaimba, tukaruka.

Ndiyo mara yangu pekee ya kuruka maishani. Tulipita juu ya Chimala, na tambarare ya Usangu ilikuwa bado imelala na maji ya masika. Jua lilipoyagusa yaliwaka yote kwa pamoja, hadi upeo wa macho. Nikamwambia Bwana Kipanga, kwa kelele za injini, kwamba bahari lazima inafanana na hivi. Hakunisikia. Mpaka leo, hiyo ndiyo bahari niliyoiona.

Iringa tulitua ili kuongeza mafuta kidogo. Wenzangu wa kalamu walikuwa wamekuja kuniona, wamevaa mashati ya Jumapili. Pembeni ya uwanja alisimama mzungu mwingine, mkulima wa tumbaku, kaka wa mke wa Bwana Kipanga. Alikuwa na sanduku mkononi na mwili kama magunia mawili ya mchele.

Bwana Kipanga akanishika bega, akanitoa kando.

"Lutengano, uzito mingi sana. Wewe nabaki."

Wakuu, kwa dakika ile nilimwamini. Nilidhani nimekosea kujumlisha. Nikaanza kupiga hesabu upya kichwani, ratili kwa ratili, huku nikimwona yule mwingine anapanda na kukaa kwenye siti yangu. Ndege ikainama upande wake.

"Bwana, na huyu?"

"Huyu shemeji yangu."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lote.

"Hesabu ya kutoka Bukini haimkubali," nikasema. "Niliipiga kwa mwili wangu mimi."

"Ile saa moja ya akiba iko. Itatosha."

Niliingiza mkono nyuma ya siti kuchukua kikapu. Akanizuia, bila hasira hata.

"Acha. Chakula iko kwa hesabu tayari."

Waliondoka. Nilisimama pale kwenye majani mpaka mlio ukaisha. Yohana, mwandishi mkali kuliko sote na mwenye ulimi kama wembe, akanisogelea, akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mtu wa Morisi. Kumbe ni karibu hivi?"

Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe hakucheka. Akanibebea begi langu, ndani yake mlikuwa na shati moja na karatasi tupu za riwaya.

Nilirudi Mbeya juu ya lori la bidhaa. Mtu aliyekwisha kuagwa kwa maji na nyimbo, akarudi wiki hiyo hiyo, hana mahali pa kuweka uso. Mama hakuuliza mengi.

"Kikapu kimeenda?"

"Kimeenda."

"Basi tukingoje."

Mngependa niwaambie kwamba walipotea. Hawakupotea. Ilikuja simu ya maandishi shambani kwamba wamefika salama. Ndege ikauzwa huko huko, wakarudi kwa meli baada ya miezi kadhaa, wamenawiri. Na mimi nilikuwa bado karani wao. Ningekwenda wapi?

Mama akaniambia, "Kaniulizie kikapu changu."

Niliwakuta barazani, wanawasimulia wageni. Nikangoja wamalize.

"Bwana, mama anauliza kikapu."

"Kikapu gani?"

Shemeji ndiye aliyekumbuka. Akapiga paja. "Ile ya kuku! Tulitupa bahari!"

Wakasimulia kwa furaha. Baada ya Bukini upepo ulikuwa mkali, saa ya akiba ikaanza kuliwa, ndege nzito. Wakatupa masanduku, wakatupa mtumbwi wa mpira, wakatupa kikapu. Yule kuku wao walikuwa wameshamla. Walifika na mafuta ya kulowesha kitambaa tu.

Nilikwenda Iyunga kwa miguu, nikamweleza mama yote kama yalivyokuwa, maana sikuwa na hadithi nzuri kuliko hiyo. Alikuwa anachambua maharage. Akaendelea kuchambua.

Kisha akauliza, taratibu:

"Na kama ungekuwa umekaa humo wewe, wangekutupa?"

Alifariki sijamjibu.

Riwaya niliiandika, wakuu. Haina bahari.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu akikwambia tatizo ni uzito, usikimbilie kujipunguza. Mtazame kwanza anayekaa mahali pako.

Kama nawe uliwahi kumpangia mwenzio safari ukaachwa uwanjani na begi lako, shuka hapo chini uandike. Wenye kubisha hesabu waje pia. Mjukuu atanisomea.