Siku Pikipiki ya Bwana Ilipomkimbiza Mama Mkwe

Jamani, chekeni tu, mimi mwenyewe nitawasaidia. Watu wa Kikole wakiniona hawaniulizi habari za Kivinje, wananiuliza kama nimekuja kwa miguu, halafu wanatazamana, na hata wale ambao siku ile hawajazaliwa nao wanatazamana, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwao, maana wao huongeza chumvi (kwamba nililia, kwa mfano, si kweli, ule ulikuwa moshi).

Ilikuwa wakati wa Mdachi, vita vya Maji Maji vimekwisha, njaa yake imepungua, watu wamerudi mashambani. Mimi nilikuwa mtumishi wa Bwana mmoja mwenye shamba la pamba nje ya Kivinje, naye alikuwa na pikipiki, na kazi yangu ilikuwa kuisafisha na kuiendesha akinituma. Hakuna alichonisisitizia kama habari za joto lake. Kipupwe, alisema, endesha upendavyo, upepo wenyewe wa baridi. Masika, mvua inaipoza injini, ila ule mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu hulowa ukateleza. Lakini kiangazi kiogope, maana chombo hiki hupozwa na upepo wa mwendo tu, na ukipita mchangani polepole upepo huo haupo, basi teremka, zima, kipumzishe kivulini, na usikimwagie maji kikiwa cha moto, kitapasuka kama chungu. Nikaitikia ndiyo Bwana, ndiyo Bwana, huku nawaza mambo yangu.

Mambo yangu yalikuwa Mwanahawa, binti wa Mzee Mbonde wa Kikole. Nilikuwa nimemposa, na nilimpenda hata chakula hakipiti. Jibu lilikuwa litolewe Ijumaa baada ya swala, na mjomba wangu, ambaye ndiye mshenga, alinitaka tuondoke pamoja Alhamisi kwa miguu. Lakini Bwana alikuwa amepanda meli kwenda Lindi, ameniagiza pikipiki niiwashe kila siku niizungushe uani isishike kutu, nami nikajiuliza, kwani uani na Kikole kuna tofauti gani? (Ipo. Nimeshaijua.) Nikamwambia mjomba atangulie, na Ijumaa yenyewe nikavaa kanzu iliyotiwa wanga na kofia ya viua, nikaondoka kwa kishindo.

Njia ile ni mchanga mtupu, na jua lilikuwa utosini. Injini ikaanza kunuka, goti langu la kulia likaanza kuiva, na nilipofika penye mkwaju wa kwanza wenye kivuli nikakumbuka maneno ya Bwana, nikajijibu kwamba posa yenyewe si ya Bwana, nikapita. Penye mkwaju wa pili nikapita vilevile, maana mkwe gani anachelewa kusikia jibu lake?

Mlio ulifika Kikole kabla yangu. Watu wa kule waliwahi kuisikia bombom, ile bunduki ya Mdachi ya kumimina risasi, kwa hiyo nilipotokeza nusu ya kijiji ilikuwa imeshaingia kwenye mihogo. Wazee walibaki barazani, Mzee Mbonde katikati, mjomba pembeni yake. Nikazima injini, nayo haikuzimika. Chuma kilikuwa kimewiva hata hakihitaji cheche tena, kinajiwashia mafuta chenyewe, na pikipiki za siku zile injini ikizunguka na gurudumu linazunguka, huwezi kuvitenganisha. Breki yake ilikuwa ya kuombea dua. Bomba la kufungia mafuta lilikuwa pale pale penye moto, kila nikipeleka mkono naurudisha. Basi nikapita mbele ya baba mkwe, nikasema shikamoo Baba, nikapotelea nyuma ya nyumba.

Na nyuma ya nyumba alikuwepo mama mkwe. Mnajua adabu yetu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, wakikutana mmoja hujitenga. Alikuwa ametoka kisimani, mtungi kichwani, akafanya lililo la adabu, akajifunika kanga na kukimbilia mbele. Nami njia yangu ilikuwa hiyohiyo, upande mwingine ni zizi la mbuzi. Akafika mbele, akanisikia mgongoni, akakimbilia nyuma, nami nikapita barazani, shikamoo Baba, nikamfuata. Tukawa tunazunguka nyumba mimi na yeye, na mtungi wake (mpeni haki yake) haukumwaga hata tone. Mzee Mbonde haitikii, maana nani atamwitikia mtu anayemkimbizia mkewe? Mjomba alikuwa ameinama, anatafuta kwenye mkeka kitu ambacho hakikuwepo. Mwanahawa alikuwa mlangoni kajiziba mdomo kwa kanga, nami nikajua nimeshamkosa, na uchungu wake ulizidi wa goti.

Upindo wa kanzu ulipoanza kutoa moshi, mama mkwe alisimama mbele ya baraza, akageuka, akanitazama usoni.

"Adabu yangu imeishia hapa, mwanangu," akasema, akautua mtungi na kunimwagia wote, mimi na injini.

Injini ikapasuka kama Bwana alivyoahidi, ikanyamaza, nami nikaangukia mkeka wa wazee na nusu ya kanzu. Mzee Mbonde akaniinamia.

"Marahaba," akasema. "Sasa umesimama."

Walicheka hata waliokuwa kwenye mihogo. Mjomba akaanza kuomba radhi na ruhusa ya kuondoka, lakini mzee akasema jibu alitoe aliyekimbizwa. Mama alikuwa amesharudi kwenye adabu yake, akajibu akiwa nyuma ya mlango kwamba kijana anayeamkia hata akiwa anaungua si mbaya, ana haraka tu, apewe binti, ila alete mbuzi wa kufuta aibu ya kuonana, na aje kumchukua bibi harusi kwa miguu.

Nikaisukuma pikipiki mpaka Kivinje. Bwana aliporudi alinipa khamsa-ishirini, fimbo ishirini na tano za kiboko, na hizo nazipita, mgongo wangu unazisimulia vizuri zaidi. Toka siku ile sijapita kivuli cha mkwaju bila kupumzika, na sitapita. Mwanahawa ninaye mpaka leo, na nikipandisha hasira nyumbani anageukia dirishani tu na kuita, "Mama, leta mtungi."