Mchuzi wa Wifi

Wahudumu wa mikahawa walimwita Mwonjaji, na jina hilo likamganda hata nyumbani. Akiingia mahali pa kula alichagua meza iliyo karibu na mlango wa jikoni, akaagiza sahani moja tu, akala taratibu kama mtu anayesoma mkataba. Kijiko cha kwanza alikishika ulimini huku amefumba macho. Akirudi nyumbani anavua viatu, anafunga aproni, na baada ya kuharibu sufuria mbili tatu, samaki wa hoteli ya kifahari anatoka kwenye jiko lake la kawaida, na aliyemla kule hawezi kumtofautisha na huyu.

Kwa kazi hiyo alikwisha kuandika vitabu viwili vya mapishi, na vyote vilipendwa. Alikuwa na adabu yake: kabla ya kuandika chakula cha mtu, alimfuata mpishi huko huko jikoni, akamwonjesha alichopika yeye, akamwomba ruhusa. Waliokataa aliwaacha. Waliokubali aliwataja kitabuni, kila mmoja kwa jina lake.

Lakini kulikuwa na chakula kimoja kilichomnyima raha, na mpishi wake alikuwa wifi yake.

Wifi huyu, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa na mkahawa mdogo ubavuni mwa gereji. Alikuwa mwanamke mwenye mwili, mwenye kicheko kinachofika kabla yake. Vyakula vyake vingi vilikuwa vya kawaida tu, na maharage yake, tuseme ukweli, yalizidi chumvi. Ila kuku wake wa mchuzi mweusi alikuwa habari nyingine. Mchuzi wenyewe ulikuwa mzito, unang'aa kama kiatu kipya, mtamu mwanzoni, kisha unaacha uchungu mdogo nyuma ya ulimi ambao ulikufanya utake kijiko kingine ili uukamate.

Mume wa Mwonjaji alikuwa fundi wa majokofu. Akitoka kazini njia yake ilipita gerejini, na jioni nyingi aliingia nyumbani anajifuta midomo.

"Chakula tayari," mkewe anamwambia.

"Aa, mke wangu, nimeshiba. Dada kanishika shati pale mlangoni."

"Na hiki nilichopika nimpe nani?"

"Kiweke tu. Nitakula kesho."

Kesho yake alikula, ndiyo, lakini alikula kama mtu anayemaliza dozi. Mwonjaji alimtazama akisukuma wali pembeni mwa sahani, roho ikamuuma. Wanawake wengine walihangaika kumjua mwanamke wa nje ni nani. Yeye wake alimjua vizuri sana: alikuwa amevaa aproni ya plastiki na alimwita "wifi".

Siku iliyomchoma zaidi ilikuwa Jumapili moja nyumbani kwa mama mkwe. Mwonjaji alikuja na bata wa kuokwa kwa machungwa, amemhangaikia tangu juzi yake. Watu walikuwa wameanza kumsifia pale Wifi alipoingia, amechelewa, amebeba ndoo ndogo yenye kifuniko. Hata hakufungua vizuri. Harufu ilitoka, mikono yote ikahamia huko.

"Huyu wa kitabuni tutamla kesho," mama mkwe akasema, na kwa kidole kimoja akasogeza sinia la bata kando.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesogeza mto ili akae vizuri. Hata hivyo maneno yale yalimkata Mwonjaji maini.

"Wifi, mbona huli?" Wifi akauliza. "Hebu onja uniambie nimeweka nini. Si wewe ndiye Mwonjaji?"

Watu wakacheka, wakanyamaza kungoja. Hata mumewe aliacha kijiko hewani. Mwonjaji akaonja.

"Sukari ya kuunguza," akasema. "Siki. Vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikakaribia kuungua. Pilipili manga."

"Na nini tena?"

"Na..."

"Enhe? Na?"

Akaonja tena. Uchungu ule ulipita ulimini ukatokomea, kama mtu unayemfahamu sura lakini jina limekutoka.

"Leo kapatikana!" Wifi akapiga makofi, na chumba kizima kikaangua kicheko. Mwonjaji naye alicheka, kwa meno tu.

Tangu siku ile hakuwa na amani. Alinunua kuku mpaka muuzaji akamuuliza kama amefungua hoteli. Alijaribu kakao, akajaribu kahawa, akajaribu maganda ya machungwa yaliyochomwa. Mapazia ya sebuleni yakanuka sukari iliyoungua. Kila mara alikaribia, na kule kukaribia ndiko kulikomtesa. Usiku mumewe akikoroma kwa shibe ya kwingine, yeye alilala macho makavu, anamhesabia Wifi kila kitu alichojaliwa: kicheko chake, watu wake, hata ile hali yake ya kutojali kama umempenda au hukumpenda.

Jibu lilikuja asubuhi moja ambayo hata hakuwa anapika. Alikuwa na haraka, akajimiminia chai ya rangi iliyolala kwenye chupa, kali, haina sukari. Akapiga funda moja, akasimama pale pale na kikombe mkononi. Nyuma ya ulimi, uchungu ule ule.

Akakimbilia jikoni. Mahali pa maji akatia chai. Mchuzi ulipopungua na kuanza kung'aa, aliuonja akiwa amesimama. Alikuwa ameupata. Lakini haikuwa furaha aliyoizoea, ile ya kutatua jambo gumu. Ilikuwa furaha ya mtu aliyemkamata mwenzake kwa ukosi wa shati.

Kitabu cha tatu kilikuwa karibu kwenda kuchapwa. Akaliongeza pishi lile dakika za mwisho.

"Umeshaongea na mpishi mwenyewe?" mchapishaji akamuuliza, maana alizijua taratibu zake.

"Ni wifi yangu," akajibu. Haukuwa uongo, lakini halikuwa jibu.

Na juu ya ukurasa ule aliandika: Kuku wa mchuzi mweusi, kama wa mkahawa mmoja jirani na gereji. Wapishi wengine wote walikuwa na majina yao. Moyoni alijiambia kwamba kila nyumba ikishajua kumpika kuku yule, hakuna atakayehangaika kumfuata kwenye viti vya plastiki.

Kitabu kikatoka. Watu wakapika, wakapenda, wakaanza kuulizana: gereji ipi hiyo? Wakaitafuta mpaka wakaipata. Walitaka kulinganisha wa kwao na wa mwenyewe.

"Dada kaongeza meza," mumewe alisema jioni moja, uso unamng'aa. "Watu wengine wanakula wamesimama! Sijui wametoka wapi."

Kifuniko cha sufuria kikamponyoka Mwonjaji, kikazunguka sakafuni kwa kelele. Alikuwa amekwenda kumshusha mtu, akamkweza kwa mikono yake mwenyewe. Akahisi wivu mpya, mkali kuliko ule wa zamani, maana sasa ulichanganyika na aibu.

Wifi alikuja baada ya siku chache, mchana, wakati ambao hakuwahi kuuacha mkahawa wake. Alikuwa na kitabu ndani ya mfuko wa plastiki. Akakaribishwa kiti, hakukaa.

"Chai uliijuaje?" akauliza kwanza.

"Nilikunywa iliyolala."

Wifi akatikisa kichwa polepole, kama fundi anayemkubali fundi. "Ulimi wako hauna mchezo." Kisha akafungua kitabu. "Huyu wa supu umemtaja jina. Huyu wa samaki umemtaja, mpaka na shule aliyojifunzia upishi. Mimi ni 'mkahawa mmoja'. Mmoja, wifi! Mimi niliyekusuka nywele siku ya harusi yako, sina jina?"

Mwonjaji angeweza kumsingizia mchapishaji. Angeweza kusema nafasi haikutosha.

"Nilikuonea wivu," akasema.

"Wivu? Mimi?" Wifi akajitazama mikono, ilivyojaa makovu ya mafuta.

"Mume wangu anarudi ameshiba kwako. Mama anasogeza chakula changu kando. Wewe unacheka tu, na kila mtu anakufuata. Nilitaka wapike majumbani mwao, meza zako zibaki tupu."

Hapo ndipo Wifi alipokaa.

"Zibaki tupu," akarudia. "Na mimi na wanangu tungeishije?"

"Sikufika kuwaza huko."

"Ulifika. Ila hukutaka kuangalia."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma. Akaondoka bila hata maji ya kunywa, kitabu akakiacha mezani.

Mumewe aliposikia, aliliweka sanduku lake la vifaa chini. "Mimi ndiye niliyekuwa nakula kwake," akasema. "Ungenikasirikia mimi." Tangu hapo akawa anarudi na njaa, anakula kila anachowekewa, anashukuru, ananawa, anaondoka mezani. Mwonjaji alikuwa amepata alichokililia siku zote, na hakikuwa na ladha yoyote.

Akaenda kwa mchapishaji, akamweleza yote bila kujipunguzia. Toleo la pili lilipotoka, ukurasa ule ulikuwa na jina kamili la Wifi, na chini yake maelezo kwamba pishi lilichukuliwa bila ruhusa na mwandishi anaomba radhi. Nakala ya kwanza alimpelekea mwenyewe. Alipanga foleni kama watu wengine, akapata kiti pembeni.

Wifi alisoma amesimama, akafuta vidole kwenye aproni, akakiweka kitabu juu ya jokofu. Akaleta sahani.

Mwonjaji akaonja, akaacha kutafuna. Chai ilikuwepo, mbali kidogo. Lakini mbele yake palikuwa na kitu kingine, laini, chenye moshi. Akachukua kijiko cha pili, na cha tatu.

"Umebadilisha."

"Ule sasa kila mtu anaujua. Nibaki na nini?"

"Umetia nini?"

Wifi akacheka, kile kicheko chake cha kusikika mpaka gerejini. "Kula, wifi."

Kijicho kikamrudia kama zamani, na Mwonjaji akatambua kwamba hakikuwa kimeondoka, huenda kisiondoke kamwe. Akainua macho akamwona mumewe mlangoni na sanduku la vifaa, amesitasita, hajui aingie au arudi. Akamvutia kiti.

"Mletee na huyu," akasema kwa sauti ya kufika jikoni. "Wako ni mtamu kuliko wangu."

Maneno yalimtoka kwa shida, kama mfupa uliokwama, lakini yalitoka, na watu wa meza ya pili walisikia. Mumewe akakaa. Wifi akaja na sahani mbili, moja ya mdogo wake na moja yake mwenyewe, akaketi nao, na wote watatu wakala.