Walii Aliyenaswa Chuno

Mkuu wangu alisema sitoki ofisini Chuno bila matokeo ya vipimo vya gesi. Mikindani, dada yangu alikuwa akisubiri kuolewa, nami ndiye walii wake tangu baba afariki.

Vichakataji vya kompyuta, vilivyokuwa vikikokotoa vipimo hivyo, vilikuwa vikikwamishana. Kila kimoja kilitunza nakala ya kipande kilekile cha kumbukumbu. Kimoja kikiandika, vingine vilitupa nakala zao na kusubiri mpya. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimebananisha matokeo yao pamoja kwenye kipande hicho kimoja.

Nikayatenganisha, nikaanza upya. Ingechukua saa mbili nyingine.

Baba mdogo akapiga simu. “Mwanangu, shehe ameshakaa. Au umeoa hiyo mashine?”

“Nimekufanya wakili wangu, baba. Mwozeshe wewe.”

Vigelegele nilivisikia kwenye simu.