Aliyesema Ninaharibu Mashine

Katikati ya miaka ya tisini, mimi na mwanamke niliyesoma naye usekretari Kericho tulifungua ofisi ndogo ya kupiga chapa mjini Bomet. Kompyuta tuliinunua pamoja, ya mtumba, skrini yake nzito kama gunia la mbolea. Wazazi wangu walikuwa wametoka upande wa ziwa kutafuta kazi kwenye majani chai. Yeye alikuwa wa hapo hapo, anajulikana na kila mtu. Nilipokwenda kujifungua, alibadilisha kufuli. Nikarudi na mtoto mgongoni, ufunguo wangu ukakataa kuingia. Wateja aliwaambia, "Yule nilimfuta kazi. Anaharibu mashine."

Neno hilo lilinitangulia kila mahali. Nikiomba kazi ya ofisi, karani ananitazama mikono badala ya cheti. Nikaishia kuchuma chai kwenye shamba la watu karibu na Mogogosiek. Kila asubuhi nikifunga ile aproni ya plastiki, namwombea mabaya. Hata kanisani, wengine wakifumba macho kushukuru, mimi nilikuwa nataja jina lake.

Basi siku moja akatuma mtu. Kompyuta imekataa kuwaka, kesho kuna mazishi makubwa, na ratiba za ibada hazijachapwa. Tafadhali nije.

Nilioga. Nikavaa suti yangu ya chuo. Sikuharakisha.

Nilimkuta na wazee wawili wa kamati ya mazishi, wamekaa kwenye benchi, kofia magotini. Akataka kunivuta pembeni aninong'oneze. Nikabaki pale pale katikati ya chumba.

"Niambie kwa sauti, dada. Imefanya nini?"

"Nabonyeza, hakuna kitu. Hata feni hailii."

Skrini ilikuwa na taa yake ndogo ya kijani, kwa hiyo stima ilikuwepo. Lililokufa ni lile sanduku lenyewe. Ningeweza kuinama na kumaliza. Nikavuta kiti, nikakaa.

"Ingia chini ya meza," nikamwambia. "Chomoa waya wa stima wa skrini, uuchomeke kwenye sanduku."

Alikuwa amevaa sketi ya kubana. Akapiga magoti kwenye saruji yenye matope ya viatu vya watu, akatambaa. Wazee wakatazama ukutani. Mimi nilitazama.

"Bonyeza sasa."

Feni ikavuma.

"Sanduku ni zima," nikasema. "Shida iko kwenye ule waya wake. Fungua plagi, uangalie fyuzi."

Akaifungua kwa bisibisi. Fyuzi ilikuwa imeungua, nyeusi.

"Jana mvua ya mawe ikinyesha na radi ikipiga, ulichomoa mashine?"

Akaendelea kuigeuza ile fyuzi vidoleni.

"Nakuuliza."

"Sikuchomoa."

"Tukiwa hapa pamoja, nani alikuwa anachomoa kila mawingu yakikusanyika?"

"Wewe."

"Basi waambie wazee hawa ni nani anaharibu mashine."

Mmoja wa wazee akakohoa. "Mama, sisi tuna msiba. Hebu yaacheni hayo."

"Pole sana, mzee. Akijibu tu, mtapata karatasi zenu."

Akajibu. Akiwa bado sakafuni, matope kwenye magoti, akasema ni yeye, na kwamba alinisingizia. Nikatoa fyuzi kwenye plagi ya redio yake, nikaiweka, nikapiga zile ratiba mwenyewe hadi ya mwisho. Akaniletea chai. Nikaiacha ipoe mezani.

Wazee hawakunyamaza. Kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nimepata kazi kwenye ofisi ya shule, na walimu wakawa wananiletea mimi mitihani yao, si yeye. Alifunga ofisi, akaenda kuuza nguo Kapsoit.

Watu wa kanisa wameniuliza mara nyingi kama nilimsamehe. Huwa nawaambia tunasalimiana, na ni kweli. Lakini yale magoti yake kwenye saruji nikiyakumbuka, hadi leo nalala vizuri.