Neno Nililolisikia Mola

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nashona kofia nyumbani Wete na kujifunza Kiarabu mwenyewe kwa kamusi kuukuu. Kila neno nikilirudia kichwani mara tatu kabla ya kulisema, kwa hofu ya kukosea. Naona haya kukiri kwamba neno lililoleta balaa sikulirudia hata mara moja.

Jirani yetu alikuwa bibi wa Kihindi, Shia wa madhehebu ya Ithnaasheri, mke wa mwenye duka la vitambaa. Alasiri tukishona pamoja uani kwake. Siku moja nilimkuta amepika halua.

"Sikukuu gani tena, bibi? Si Idi imepita zaidi ya wiki?"

"Hiyo yetu sote imepita, mwanangu; hii ni yetu sisi. Siku kama ya leo Mtume alimshika mkono Sayyidna Ali mbele ya watu, akasema yeye ni maula wao."

Hilo neno maula alilitamka haraka, kwa lafudhi ya kwao. Mimi nikasikia Mola. Sindano ikanidunga kidole. Nikaaga na sahani ya halua mkononi.

Nilimwambia mama baada ya kula: wale wanasema Ali ni Mola.

"Astaghfirullah! Na weye ukaningoja nimalize sahani?"

Kesho yake habari ilikuwa bombani tulikoteka maji, na aliyeisimulia ni mimi. Wanawake wakawa wanapita mlangoni kwa bibi bila hodi wala salamu.

Nami nikataka hoja ya kumwongoa. Nikafungua kamusi. Maula: bwana, rafiki, msaidizi, hata mtumwa aliyeachwa huru. Neno letu Mola limetoka humo, lakini humo mna mengi. Nikamwendea mjomba, aliyekuwa akisomesha chuo cha Kurani, nikamweleza maneno ya bibi na kumwuliza kama kweli wale wanamwita Ali Mungu.

"Hadithi hiyo hata sisi Sunni tunayo," alisema. "Sisi twasema maana yake mpenzi wa waumini. Wao wasema kiongozi baada ya Mtume. Hapo ndipo tunapoachana. Lakini Mungu? Nani kasema?"

"Nimesikia bombani," nikajibu. Uongo huo bado unanichoma.

Asubuhi nilikwenda bombani nikasema aliyekosea ni mie. Mmoja akacheka: "Kasome tena, mwalimu! Mwishowe utatutoa sote katika dini."

Kisha nikaenda kwa bibi. Alinisikiliza bila kuinua macho kwenye mshono.

"Siku tatu hizi," alisema, "nikifikiri halua yangu imemdhuru mtu."

Nikalia. Akanisogezea mkeka.

"Haya, na wewe unasemaje? Mpenzi au kiongozi?"

"Mpenzi, bibi."

"Umekosea."

"Nawe umekosea, bibi."

"Basi kaa, tushone."

Tuliendelea kushona pamoja kwa miaka kadhaa, na hatukuafikiana. Lakini wawili katika wale wa bombani hawakumsalimia tena. Niliwaeleza mara ngapi, hata sikumbuki. Walinijibu kwamba mara ya kwanza nilisema vizuri zaidi.