Pikipiki Inayoomba Kilo

Shefu wangu alinipa wiki tatu. Hakusema kwa ukali; angesema kwa ukali ningejua la kumjibu. Alifunga mlango wa ofisi, biro kama tunavyoiita, akavuta kiti akakaa upande wangu wa meza, akasema, "Mama, hatuna ubaya na weye. Lakini kama mugongo inakatala, tutaweka mwingine kwa barabara ya Nyunzu, na weye utabakia mu stoki."

Stoki ni chumba cha nyuma ya biro yetu ya afya, chenye friji mbili za chanjo na dirisha lisilofunguka. Huko ndiko hupelekwa watu ambao hakuna mwenye moyo wa kuwafukuza.

Nimekuwa msimamizi wa chanjo kwa miaka kumi na tano. Kila asubuhi navuka daraja la Lukuga kwenda kazini. Mara mbili kwa wiki naenda Katanika, kwenye kambi ya waliokimbia vita. Na kila mwezi naenda misioni, yaani safari ya kazi, mpaka Nyunzu, kituo kwa kituo, siku mbili za kwenda na mbili za kurudi, sanduku la barafu nyuma yangu. Wanawake wa barabara ile wakisikia mlio wa pikipiki yangu huwatoa watoto ndani kabla sijazima injini. Mtu aniambie atakavyo kwamba kazi ni kazi. Mimi niliiogopa stoki kuliko nilivyowaogopa wenye bunduki, na hao nimekutana nao zaidi ya mara moja.

Pikipiki yangu ya zamani ndiyo iliyonimaliza. Daktari alinionyesha picha ya mgongo wangu, pingili mbili za chini zimekaribiana mno, akasema nikipanda tena kitu kigumu kama kile, sitapanda kingine chochote. Kwa hiyo nilitakiwa kuchagua pikipiki mpya, na nilitakiwa kuchagua sawasawa mara ya kwanza.

Mume wangu alikuwa na maoni. Alifanya kazi karakana ya reli mpaka alipostaafu, akazoea vyuma, na ni mtu mzito, mwili na maneno. "Chukua ile yenye nguvu, Mama," alisema. Nilipomwambia natafuta laini, pana, ya kukaa wima, alicheka. "Muchagua jembe si mukulima."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," nikamjibu. Hapo naye akaacha kucheka.

Lazima nieleze jambo moja. Hapa Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa, pikipiki hupimwa kwa magunia. Ukimuuliza mtu ikoje, hatakuambia mwendo wala mafuta, atakuambia inabeba magunia matatu. Wamotari wetu wa teksi wanampakia mama, watoto wake wawili na beseni la dagaa wetu, ndakala, na bado wanauliza kama kuna mwingine. Ndiyo maana kila pikipiki mpya inayoshushwa kwenye boti la Kigoma huenda kwanza kwa fundi kutiwa nguvu: springi laini za nyuma zinatolewa, zinawekwa ngumu zilizokatwa kwenye gari, chuma kinachomewa chini ya kiti. Hakuna anayeuliza kama inahitajika. Ni kama kumnyoa mtoto mchanga nywele za kwanza. Hayo yote niliyajua, na sikumwambia mume wangu kwamba yangu isitiwe nguvu. Nilidhani ameelewa.

Dukani, karibu na bandari, nilikalia pikipiki tatu. Ya kwanza ilikuwa ndefu, vidole vya miguu tu ndivyo vilivyogusa chini. Ya pili ilinilaza mbele mpaka mikono ikabeba kifua chote, na kiti chake kilikuwa ubao uliovalishwa ngozi. Ya tatu ilikuwa nyuma kabisa, imezibwa na mifuko ya simenti, vumbi limeifunika mpaka huoni rangi. Kubwa, ya chini, kiti kipana, usukani uliorudi hadi karibu na kifua, na kioo cha kukinga upepo. Niliomba mifuko isogezwe. Nilipokaa, nyayo zote mbili zilitua chini na mgongo ukasimama wenyewe, bila mimi kuuamrisha.

"Mama, ile haiko ya huku," muuzaji alisema. "Ukipakia watu watatu inakaa chini sawa bata. Wamotari wote wanaikatala."

"Mimi sina watu watatu. Nataka kuijaribu."

Alinionyesha barabara ya lami ya kando ya ziwa. Nilikataa. Kwenye lami hata kiti cha jikoni kinakimbia, nikamwambia. Nataka kuvuka reli, halafu mashimo ya njia ya kwenda Lubuye. Alikataa na yeye. Tulibishana mpaka wateja wengine wakanyamaza kutusikiliza. Mwishowe alishika kadi yangu ya kura kama dhamana, akapanda pikipiki yake, akanifuata kama askari.

Nilipofika kwenye reli niliuma meno. Nilikuwa nayasubiri yale maumivu kama mtu anavyosubiri kofi ambalo mkono wake ameshauona. Hayakuja. Nikaenda kwenye mashimo, likapita la kwanza, la pili, pikipiki ikishuka na kupanda taratibu. Nikasimama pembeni na kulia ndani ya kofia ngumu. Muuzaji alishuka mbio.

"Mama, imekuumiza?"

"Hapana. Andika risiti."

Kwa siku kumi niliishi vizuri. Nilivuka Lukuga asubuhi na jioni, nilikwenda Katanika na kurudi, nililala bila kugeuka geuka. Shefu aliniona nikishuka bila kushika kiuno, akaniambia misioni ni Jumatatu, nijitayarishe. Sauti yake ilikuwa bado ya mtu anayesubiri kuona.

Ijumaa gari la kazi lilinipitia nyumbani kwenda Katanika, nikaiacha pikipiki uani. Niliporudi alasiri haikuwepo. Mume wangu alikuwa amekaa mlangoni, ameoga, na uso wa mtu aliyenunua zawadi. Baada ya kitambo fundi aliingia nayo akiisukuma. Ilikuwa imeinuka nyuma. Niliona springi kabla sijaona kitu kingine: nene, nyeusi, bado zina alama za moto wa kuchomea. Chini ya kiti kulikuwa na chuma kipya. Sponji ya kiti ilikuwa imebadilishwa pia.

"Papa alisema itiwe nguvu," fundi akasema, akimwonyesha mume wangu kwa kidevu. "Sawa tunafanyaka pikipiki zote."

Niliuliza springi za zamani ziko wapi. Fundi alimtazama mume wangu, halafu akatazama chini. Alikuwa amezitoa asubuhi, akampa mutu wa Moba aliyekuwa anahitaji laini kwa kigari cha mama yake mgonjwa. Yule mutu ameshapanda boti kurudi kwao. Sponji ya zamani ipo, ataileta leo leo. Springi za aina ile hapa mjini hakuna.

Sikupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Nilimwambia mume wangu, mbele ya fundi, "Shefu alihangaika bure kunitafutia njia ya kwenda stoki. Angekuuliza wewe."

Alisimama kutoka mlangoni. Kisha akasema, akiangalia mikono yake, "Miaka yote nimetengeneza mabehewa. Springi laini inavunjikaka njiani, haivunjikake nyumbani. Nikasema, ikivunjika mu pori, utabakia na nani?"

Nilimwelewa, na kumwelewa kukanikasirisha zaidi. Ukikosewa na adui una pa kuweka hasira. Nilipika, nikamwekea chakula, nikala peke yangu jikoni.

Jumapili, baada ya kanisa, niliijaribu. Sponji ya kiti ilikuwa imerudi, kwa hiyo nilikuwa bado na tumaini. Sikufika hata darajani. Kila jiwe lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye zile pingili mbili, na kwenye reli niliona giza. Nikaisukuma mpaka kwa fundi, kwani kuipanda sikuweza tena. Misioni ilikuwa kesho.

Fundi aliibonyeza nyuma kwa mikono yote miwili. Haikushuka. Akaketi juu yake, ikashuka kidogo. "Mama, haiko mubaya," alisema. "Inaomba kilo. Weye uko mwepesi. Ukiipakia gunia moja ya unga, itakuwa laini tena."

"Nitabeba gunia la unga kwenye misioni ya chanjo? Kwenye kila bariere askari watalifungua, watachota, watauliza nauza kwa nani."

Akashuka, akanirudishia usukani. Nilirudi nyumbani nikiisukuma. Njiani nilipanga maneno ya kumwambia shefu, na kila niliyoyapanga yaliishia kwenye lile dirisha lisilofunguka.

Mume wangu alinikuta uani. Nilimweleza alichosema fundi, kwa ukali, ili ajue ukubwa wa alichoharibu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaizunguka pikipiki mara moja, akabonyeza springi kama fundi alivyofanya.

"Gunia ya unga," alisema. "Mimi niko zaidi ya gunia. Nipakie."

Mnapaswa kumjua mtu huyu. Ni mtu ambaye hata soko likiwa mbali hunifuata kwa miguu, mimi niko kwenye pikipiki, ili asionekane amebebwa na mwanamke. Ndugu zake walimcheka nilipoanza tu kuendesha, na aliwajibu kwamba kazi ya serikali ina mambo yake, lakini yeye nyuma yangu hajawahi kukaa hata siku moja.

"Watu watakuona," nilimwambia.

"Watanionea wapi? Kwa daraja. Kisha ni pori."

Jumatatu asubuhi alivaa koti lake la reli na kofia yake. Alipokaa, pikipiki ilishuka chini yangu polepole, kama ilivyokuwa siku ile dukani. Nilifunga sanduku la barafu nyuma yake. Tulipita kwanza biro kuchukua chanjo na karatasi. Shefu alitoka nje, akatutazama wote wawili, macho yakarudi kwenye mgongo wangu. Niliketi wima. Nilijua kwamba nikishika kiuno sekunde moja tu, mambo yamekwisha. Mume wangu alimsalimia kwa kuvua kofia, kama kwamba kila siku hukaa pale. Shefu akasaini.

Tuliporudi darajani kushika barabara ya Nyunzu, wamotari walikuwa wameshajipanga wanasubiri abiria. Mmoja alituona, akamgusa mwenzake, na wote wakageuka.

"Papa, umekuwa muzigo?" yule wa kwanza akauliza.

Nilihisi mume wangu akikaza mwili nyuma yangu. Nikaongeza mwendo. Yeye akanigonga begani, nipunguze. Akamgeukia yule motari na kumjibu kwa sauti yake ya karakana, "Mimi ndio springi ya mama." Walicheka, lakini sivyo nilivyoogopa wangecheka.

Siku nzima ile sikuamini. Kila shimo nililiona kutoka mbali na kuliogopa. Pikipiki ilishuka, ikapanda, na pingili zangu zikakaa kimya. Palipokuwa na tope alishuka kusukuma, na hatua zile chache za kuendesha bila yeye ndizo zilizoniuma. Nilisimama na kumsubiri hata pale ambapo ningeweza kuendelea. Kwenye vituo alikaa pembeni na kitabu cha nyimbo mapajani, watoto wakamzunguka, na akina mama wakaniuliza kama huyu ndiye shefu mpya. Hatukuzungumza mengi. Nilikuwa bado nina hasira kidogo, na yeye alikuwa na aibu, na barabara haikumruhusu yeyote kukaa mbali na mwenzake.

Tulifika Nyunzu siku ya pili alasiri. Nilishuka nikanyooka. Yeye alibaki amekaa. Magoti yalikuwa yamegoma na kiuno pia, na ilinibidi nimshike mikono yote miwili na kumvuta kama ndoo kisimani. Hakulalamika. Aliniuliza tu, "Mugongo?" Nikamwambia uko salama. Akaitikia kwa kichwa, akageuza uso kuangalia upande mwingine, na mimi nikamwomba msamaha kwa yale niliyoyasema mbele ya fundi.

Shefu aliliandika jina langu kwa mwezi uliofuata, na kwa ule uliofuata tena. Tulikwenda mara tatu.

Jumapili iliyopita, nikitoka kanisani, fundi aliniita. Mama wa yule mutu wa Moba amepona, kigari hakihitajiki tena, na springi zangu zimerudi na boti. Alizifungua kutoka kwenye gunia. Ni zenyewe, laini, hazina hata kutu. "Saa moja tu, Mama," alisema. "Nitoe zile za Papa, niweke hizi. Kesho unaenda misioni peke yako, raha mustarehe."

Nilizishika. Nilizibonyeza kwa kidole gumba na zikakubali. Niliwaza jinsi nilivyolia ndani ya kofia kule Lubuye, na kwamba hizi, mzigo ukizidi, zinakaa chini kama bata. Springi hizi haziwezi kutubeba wawili.

Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa amelitundika koti la reli kwenye kamba uani, analipiga vumbi kwa ufagio. Viatu alikuwa ameshavipaka kiwi. Aliniuliza kama nimepita kwa fundi, kwa vile nimechelewa.

"Nimepita," nikasema. "Nimemwambia akaze zile zako."