Harufu ya Ndizi Mbivu

Mwanangu, siku ile katika kambi ya wakimbizi ya Benaco naikumbuka vizuri, maana ndiyo siku niliyojiona msomi kuliko wote, na ndiyo niliyoaibika. Nilikuwa msichana wa kijiji cha Keza, nimetoka tu sekondari, nikapata kazi katika hema la maabara kwenye zahanati ya wakimbizi. Kemia nilikuwa nayo mdomoni. Ungeniuliza kundi la kabonili, ningekujibu hata usingizini: kaboni na oksijeni zimeshikana kwa mikono miwili, zimo kwenye sukari, zimo kwenye asetoni.

Asubuhi hiyo Beata, binti mkimbizi, alimleta mchumba wake, Silvesta. Harusi yao ilikuwa imebakiza wiki chache. Kijana alikuwa anayumba, anahema kwa nguvu, na pumzi yake inanukia ndizi mbivu. Mimi nani nisijue harufu ya rubisi, mtoto niliyekulia penye kukamuliwa ndizi za pombe? Nikamwambia binti, "Mpeleke akalale, pombe itamtoka."

"Hanywi pombe, dada," Beata alisema huku akilia. "Anakunywa maji tu, mchana kutwa, usiku kucha, na kiu haiishi."

Kumbe Bi Generoza, muuguzi mzee wa kijiji cha Mbuba, alikuwa nyuma yangu. Shikamoo yangu hakuiitikia. Alimwinamia Silvesta, akamnusa, akaagiza alazwe kitandani, kisha akanigeukia.

"Umemwona akinywa? Huyu binti amekupa jibu, wewe hukulisikia. Pima mkojo."

Nilipasha moto dawa ya Benedikti, ile ya buluu ya kutambulia sukari, pamoja na matone ya mkojo, kama nilivyofanya shuleni kutafuta maksi. Buluu ikawa kijani, ikawa njano, ikaishia rangi ya tofali. Sukari tele! Kumbe ni kisukari. Kabonili ya sukari ilikuwa imebadilisha rangi mbele ya macho yangu, na kabonili ya asetoni nilikuwa nimeinusa mwenyewe nikaiita pombe. Mwili uliokosa insulini hushindwa kuitumia sukari, huchoma mafuta yake, na asetoni hutoka na pumzi ikinukia tunda. Ningemrudisha Silvesta, tungemzika.

Alichomwa insulini, akawekewa dripu. Siku ya tatu aliomba uji, hema zima likashangilia.

Harusini walinialika. Bwana harusi alikuja mbele ya wazee, akanipulizia pumzi usoni: "Nusa, dada! Leo nimelewa au naumwa?" Bi Generoza alicheka mpaka kilemba kikamdondoka. Nami nilicheka huku machozi yananitoka, kwa furaha tupu.

Mwanangu, elimu bila amali ni kama nta bila asali. Ulichokisoma daftarini kitafute kwa watu, na kabla hujamhukumu mtu, msikilize anayemjua. Kuuliza si ujinga. Mungu akujalie pua kali na ulimi mpole, na siku utakapokosea, kwani utakosea, akuwekee Bi Generoza nyuma yako.